Foto ya Mama Juu ya Meza

Élisabethville, kisha ya misa

Mama yangu wa Sakania,

Jambo sana! Mi na bwana yangu Kasongo tuko bazima. Ku masomo ya misioni, Masera, ule mutawa, anatufundisha sisi bibi za ndoa: kwa bakristo, bwana na bibi banakula ku meza moja, na foto za jamaa zinapamba ukuta. Basi nikatundika foto yako juu ya meza.

Kasongo akaingia, akakuona, akatoka mbio na sahani. "Nile bukari mbele ya mama-buko, mama mwenye alizaa bibi yangu? Ni mwiko! Ananiangalia mu kinywa!"

Siku ile Masera akakuja kutazama kazi yangu. Akanikuta ku meza, nabariki chakula peke yangu, na Kasongo iko inje, nyuma ya mulango, anaitikia "Amina".

"Ile ni karatasi tu!" Masera akamwambia.

"Masera, na ile ya Bikira Maria ku klasi iko karatasi. Mbona ukipita unainama?"

Masera akacheka mpaka machozi.

Sasa nilishona kitambaa ya maua. Tukikula, tunakufunika. Tukimaliza, Kasongo mwenyewe anasema: "Funua mama, atusalimie."

Kuja Noeli, mama, tunakungoja na furaha. Ila unijulishe mbele, nishone kitambaa ya kufunika muntu muzima.

Mutoto wako, Monika