Damu Tatu za Kulinganishia

Jumanne, 18 Machi 2025

Klik. Kipanya cha kompyuta ya Dokta Rutayisire, mara moja tu. Nimerudi na sauti hiyo mpaka nyumbani Rebero na bado iko sikioni.

Tulikuwa watatu nyuma ya kiti chake: mimi, Ngabo na Christella. Mradi wetu unasoma jeni ya P53, ile inayozuia saratani, kwenye uvimbe wa wagonjwa wa saratani, na ili uone kilichoharibika unahitaji damu ya watu wasioumwa. Tulitoa yetu, kama wafanyavyo watu wa maabara. Dokta alichanganya chupa mwenyewe, akaziandika K1, K2, K3. Orodha ya majina ameifungia kabatini.

Leo mashine imesoma. K1 safi. K3 safi. K2 — mahali pa herufi moja, vilele viwili vya mchoro vimesimama kwa urefu sawa. Nakala moja ya jeni ni nzima, pacha wake ni mbovu. Mtu huyo kazaliwa na kasoro hiyo.

Ndipo akaifunga picha. Akasema tutarudia. Hakugeuka kututazama.

Ijumaa, 21 Machi

Imerudiwa. Ni ile ile.

Mmoja wetu.

Fomu tulizojaza Januari ziliuliza kama tunataka kujulishwa likionekana jambo la afya. Wote watatu tuliandika hapana. Tulikuwa na haraka, tena sisi ndio wazima! Kwa hiyo Dokta haruhusiwi kufungua orodha. Anayetaka kujua aende hospitali, akapime upya kwa jina lake.

Ngabo akasema, "Basi ni mimi, Dokta. Nilijua uzuri huu una bei yake." Hakuna aliyecheka. Yeye mwenyewe akashika kidevu, akaanza kukikuna.

Christella alikuwa ameweka mkono juu ya tumbo. Miezi mitano. Mtoto wa mwenye jeni hiyo mbovu ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuirithi.

Jumapili, 23 Machi

Nimetoka Kabuga, kwa mama mdogo Scovia. Anauza vitenge karibu na stendi. Nilimuuliza watu wa upande wao walikufa na nini.

"Maswali ya ukoo huulizwa na wakwe," akasema. "Umempata mtu unanificha?"

Nikamwambia ni ya kazini.

Akaendelea kukunja kitenge. Ndugu za Bibi walikuwa saba, walibaki huku Rwanda wakati Bibi anakimbilia Karagwe, Tanzania. Mkubwa wao hakufika hamsini, mwaka ule wa 1994. "Hao hawakuugua, mwanangu. Hawakupewa nafasi ya kuugua."

Na Bibi?

Mguu. Uvimbe kwenye paja, ndani kabisa. Walisema alijigonga na jembe. Alikuwa na miaka thelathini na minane.

Nimewasomea watu mia jeni zao hapo maabara, na ukoo wangu mwenyewe hausomeki. Umebaki huo mguu mmoja. Uvimbe wa aina hiyo, wa nyama ya paja, kwa kijana — uko kwenye ukurasa wa kwanza wa kila kitabu cha P53.

Jumatatu, 24 Machi

Nilimwambia Christella ninafikiria kwenda kupima. Tulikuwa tunakula, kaniwekea nusu ya parachichi lake.

Akauliza nitamwambia nani majibu. Hakuna mtu, nikasema.

"Muhoza, wewe umesoma hesabu au umepita tu darasani? Ukikuta huna, tumebaki wawili. Ngabo naye akienda akakuta hana, mmenipimia mimi bila kunichoma sindano."

Nikasema sitasema neno.

"Utanitazama. Inatosha." Kisha polepole: niachieni miezi minne, nimbebe mtoto wangu kama mtoto, nisimbebe kama majibu. Akishazaliwa nitaenda wa kwanza. "Niahidi, dada yangu."

Niliahidi. Nilimaanisha, nadhani.

Alhamisi, 27 Machi

Bafuni nimeshika paja. Kulia, juu kidogo ya goti. Kitu? Nimelinganisha na kushoto. Nimekaa sakafuni, maji yanamwagika, nalinganisha. Mama kagonga mlango mara mbili.

Mnyororo wa ulinzi wa seli nimeukariri tangu chuo. Uzi wa DNA ukikatika, protini iitwayo ATM huona kwanza, humgusa P53. P53 huamsha P21, na P21 huzuia seli isigawanyike mpaka uzi ushonwe. Usiposhoneka, P53 huiamuru seli ife. Inatokea mwilini kila siku, mtu hasikii kitu. Lakini ujumbe ukifika na wa kuupokea hayupo, seli hugawanyika na kosa lake. Mbili. Nne. Nane. K2 amebaki na pacha mmoja kwenye zamu nzima, katika kila seli aliyo nayo. Yule akiharibika mahali pamoja tu —

Nilikuwa nawaeleza haya wanafunzi wa mwaka wa kwanza, tena kwa furaha.

Miezi minne ni mirefu kiasi gani kwa seli? Nimepiga hesabu. Sitaiandika.

Jumamosi, 29 Machi

Umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi. Tumezibua mfereji wa mtaa, mikono inauma.

Saa sita Christella kapiga simu kutoka mtaani kwao, Kabeza. Anacheka: wamemkataza jembe kwa ajili ya tumbo, wakampa kazi ya kuandika mahudhurio, kawakosea majina nusu yao. Halafu akasema asante kwa kumsubiri. Akasema tangu Jumatatu analala.

Nikasema si kitu.

Jana saa moja asubuhi nilikwenda hospitali, nikatoa damu. Jina langu kamili. Muuguzi alikuwa mpole, nikatamani asiwe. Majibu baada ya wiki tatu. Nikiwa na jeni hiyo mbovu, nitamwambia Christella siku hiyo hiyo, na yeye atapumua. Nikiwa sina, nitakaa naye meza moja mpaka Julai, nisionyeshe kitu. Tangu asubuhi nimesimama mbele ya kioo mara tatu, nikijaribu uso nitakaomwonyesha. Wa kwanza ulikuwa na furaha. Wa pili pia.