Risasi Nyepesi Katika Boksi la Dubu

Bi. Ardis mpendwa,

Nimekaa na kalamu hii tangu asubuhi na kahawa imepoa mara mbili, naomba unisaidie, wewe unayejibu barua zetu gazetini, kabla Jumamosi haijafika, na nakuomba usinicheke, ingawa najua utanicheka. Mimi ni mwanamume wa miaka sitini na miwili, nina mke, LaVonne, na binti mmoja, Corliss, na miaka miwili iliyopita nilijinunulia ile rivolva ya mdomo wa nusu inchi, yenye risasi nene kama kidole gumba, kwa sababu nimeishi katika bonde hili maisha yangu yote, na dubu wanashuka kila vuli hadi kwenye miti ya matufaha, na pia, nitasema ukweli, kwa sababu hakuna mtu mwingine katika klabu yetu ya shabaha aliyekuwa nayo.

Siku ya kwanza niliipiga peke yangu kwenye machimbo ya kokoto, ikanipiga teke, mtutu ukaruka nyuma ukanipasua paji la uso, nyuzi tatu, nikamwambia LaVonne ni mlango wa kabati. Nikaipiga tena wiki iliyofuata, na tena, na kila nilipoipiga nilizidi kuichukia, lakini nilikuwa nimeshaisimulia sana pale duka la bondeni, basi Jumamosi moja nikaipeleka klabuni, na Thurman Odegaard, anayesimamia uwanja wa shabaha, akanijia akiwa amenyoosha mkono.

"Hebu nipe nikujazie," akasema.

"Najua kujaza, Thurman."

"Najua unajua, mzee. Nipe tu."

Unaujua mchezo wake, Bi. Ardis, anageuka akupe mgongo, anajaza silinda, risasi nzima hapa na ganda tupu pale, anakurudishia na wewe hujui lipi ni lipi. Nikalenga, nikavuta, ikalia "tik" tu, na mtutu ukazama chini shubiri nzima, mbele ya watu wote, kwa sababu mkono wangu ulikuwa umeshaanza kupigana na teke ambalo halikuja.

"Kuku kaona punje," Thurman akasema, na benchi zima likacheka, na kuanzia siku hiyo nikiingia dukani kuna mtu ananiuliza kama nimekula.

Sasa ndipo nilipokosea. Ninatengeneza risasi zangu mwenyewe gereji, kama wengi wetu, nina kishinikizo changu cha kubania risasi na mizani yangu ya baruti, basi nikatafuta ile baruti nyepesi ya kupigia makopo, nikajaza boksi sita za risasi pole, pole kabisa, mtoto angezipiga, na boksi likiisha nalijaza upya. Lakini wewe unajua pale uwanjani boksi zinakaa wazi mezani na kila mtu anasoma kibandiko cha mwenzake, baruti gani, uzito gani, tarehe gani, hawaoni aibu, wanainama kabisa na miwani, basi sikuweza kuandika ukweli. Niliandika kipimo kamili cha juu cha baruti kali, na chini yake kwa wino mwekundu nikaandika DUBU.

Nikaanza kupiga vizuri ajabu. Nilichagua nafasi ya mwisho, karibu na wale wazee wawili ambao hawasikii hata wakivua vizibo vya masikio, na kila risasi ikitoka niliuinua mtutu mwenyewe juu, na kuguna kidogo, na siku nyingine nilibandika plasta kwenye kiganja kana kwamba mpini umenichuna. Thurman akaja akanipa mkono. Majira ya kuchipua waliniomba nifundishe somo la kustahimili bastola kubwa, na nikafundisha, Bi. Ardis, watu kumi na wanne, wengine waliandika.

Jana Jumapili Corliss alikuja kula chakula cha mchana. Kazi yake ni kuhesabu misonobari ya juu milimani, ile ambayo dubu wanapenda mbegu zake, na Jumamosi hii anapanda huko na mwenzake kwa siku kumi na moja.

"Baba, niazime ile kubwa yako," akasema. "Mwaka huu wameonekana wengi kule."

Kabla sijameza viazi, LaVonne alikuwa ameshakwenda gereji akarudi na bastola na boksi lenye wino mwekundu.

Nikamwambia Corliss, "Zijaribu kwanza, mwanangu, piga chache." Nilitumaini angegundua mwenyewe.

Akacheka, akanibusu kwenye kovu. "Nizipoteze kwa makopo? Umezitengeneza kwa mkono wako, Baba. Hizo nazijua bila kuzijaribu."

Akaondoka nazo. Nina risasi kumi na sita za kiwandani, kali kweli, kwenye droo ya soksi, lakini nimesema mezani pale miaka miwili kwamba za kiwandani ni za watu wasiojua kazi, nikimpelekea ataniuliza. Nimefikiri kumwambia fataki za lile boksi, vile viwashio vya kitako cha ganda, zilipata unyevu. Nimefikiri pia kwenda kwake akiwa kazini nibadilishe, ufunguo ninao. LaVonne hajui kitu, na klabu wamenitengenezea kofia ya heshima. Nipe njia ya kumlinda mwanangu bila kuwa kichekesho cha bonde zima.

Mimi,
Mwenye Mkono Mzito

*

Ndugu Mkono Mzito,

Nimebadilisha majina yote katika barua yako, kama desturi ya ukurasa huu. Ukubwa wa bastola sikuweza kuubadilisha, kwa hiyo usitegemee sana hayo majina. Barua uliiacha mlangoni kwangu Jumatatu alasiri. Nilikupigia simu siku hiyo hiyo, ukaniambia unatafuta wakati mzuri wa kuzungumza na binti yako. Nimefundisha fizikia miaka thelathini na mmoja, na sauti hiyo naijua, ni ya mwanafunzi ambaye kazi yake ya nyumbani iko karibu kuisha.

Tuanze na jambo dogo, ambalo wewe umelifanya kubwa. Kushtuka kabla ya mlio si woga wa moyo. Mkono umepigwa, umekumbuka, na unajitetea bila kukuuliza. Huo ni mkono wenye akili kukuzidi. Mimi niliwahi kuazimwa bastola kama yako. Nilipiga risasi nne, ya tano nikamrudishia mwenyewe pamoja na shukrani, na sijawahi kushuka hadhi mbele ya mtu yeyote kwa sababu hiyo. Thurman naye, kabla hujamwogopa zaidi, mwulize kilichompata mwaka ule mke wake alipomjazia silinda. Mwulize taratibu.

Dawa ya kushtuka inajulikana. Unapiga risasi pole nyingi, unapanda kidogo kidogo kwa miezi, na unamwomba mwenzako akuchanganyie maganda matupu hadi mtutu utulie. Kwa maneno mengine, zile risasi zako zilikuwa dawa sahihi kabisa. Ungeandika kwenye boksi POLE, ZA MAZOEZI, leo ungekuwa umepona. Badala yake, ulishindwa kuuzuia mtutu usishuke, ukajifundisha kuupandisha. Nimewaona wanafunzi wengi wakifeli mtihani. Wewe ndiye wa kwanza kufeli, ukajitungia mwingine, ukajisahihishia, halafu ukaandaa darasa. Wale kumi na wanne walioandika, nadhani wameandika pia namna ya kuguna.

Ile plasta sitaizungumzia. Nimejaribu mara tatu kuandika sentensi moja ya heshima kuihusu na nimeshindwa.

Sasa jambo kubwa. Keti chini, maana hapa sicheki.

Sisi tunaotengeneza risasi wenyewe hatuna kiwanda nyuma yetu. Mtu akishika ganda lililojazwa hawezi kuona ndani. Hawezi kulipima kwa jicho wala kwa uzito wa mkononi. Kitu pekee kinachomwambia kilichomo ni kile kikaratasi cha kubandika, na nyuma ya kikaratasi hakuna kitu kingine ila neno la aliyekiandika. Ndiyo maana tunainama na miwani kusoma maboksi ya wenzetu. Wewe uliona ni umbea. Ni namna yetu ya kuaminiana, na wewe umeiandikia uongo kwa wino mwekundu.

Na hesabu yenyewe ni hii, kwa sababu naona hukuipiga. Kichwa kile kile cha risasi kikienda kwa nusu ya mwendo, nguvu yake haipungui nusu. Inabaki robo. Corliss anaamini amebeba robo zote nne, na amebeba moja. Dubu mkubwa anayekuja mbio ana mfupa wa bega mnene kama mguu wa meza, na hasomi kibandiko. Binti yako atasimama pale akiwa mtulivu kuliko inavyofaa, atasubiri hatua mbili zaidi kuliko angesubiri, kwa sababu baba yake ameandika DUBU.

Unasema una ufunguo wa nyumba yake. Uache ulipo. Ukibadilisha kimya kimya, mwaka huu atapona na mwakani ataazima tena, na gereji bado kuna boksi tano zenye wino huo huo, na LaVonne ana miguu mepesi. Ukisema fataki zilipata unyevu, umemfundisha kuogopa fataki. Kinachopaswa kuogopwa ni kalamu yako.

Kwa hiyo fanya hivi.

Mpigie leo, usingoje kula. Nimekuandikia maneno ili usitafute wakati mzuri: "Corliss, risasi nilizokupa si za dubu. Niliandika uongo kwenye boksi kwa sababu niliogopa kuchekwa." Ukishasema hivyo, msikilize. Aseme atakalosema. Usiongeze habari za hali ya hewa.

Kisha chukua zile kumi na sita kutoka kwenye soksi umpelekee kwa mkono wako, na mwende pamoja machimboni. Apige kwanza moja tu, matundu mengine yote ya silinda yakiwa matupu. Bastola hiyo ikiruka, kidole hujikaza chenyewe na kuvuta mara ya pili, na hapo mtutu unaangalia mawingu au paji la uso. Wewe una kovu, huhitaji maelezo. Ikiwa baada ya risasi tano ataishika na kulenga, aende nayo na zilizobaki. Ikiwa hawezi, na hakuna aibu hapo, abebe bastola ndogo aliyoizoea. Kwa vyovyote abebe makopo mawili ya pilipili ya kupulizia, yakae kiunoni na si ndani ya begi. Nimewajua watu wengi waliorudi salama kwa sababu ya pilipili, na wachache sana kwa sababu ya bastola. Hili wauza bastola hawalipendi, na mimi siwauzii wao ushauri.

Yale maboksi matano, pamoja na hilo atakalokurudishia, yavunje yote. Chukua ile nyundo ya plastiki ya kutolea vichwa, utie kila risasi ndani yake na uigonge hadi kichwa na baruti vitoke, moja baada ya nyingine. Ni kazi ya kuchosha na ina kelele, na mtu akikuuliza unafanya nini, mwambie. Kofia unaweza kubaki nayo. Jumamosi Corliss atakuwa mlimani. Wewe nenda klabuni, mpe Thurman bastola yoyote uliyonayo, mwambie, "Nijazie, uchanganye." Mtutu utazama. Watacheka, na baada ya kucheka waambie wale kumi na wanne wafute walichoandika.

Unaweza kuuliza kwa nini sikumpigia Corliss mwenyewe Jumatatu. Nilishika simu. Nikaiweka chini kwa sababu kutoka kwangu angejua tu kwamba boksi lile ni la uongo. Kutoka kwako atajua pia kwamba boksi lijalo linaweza kuwa la kweli, na hilo mimi siwezi kumpa. Lakini subira yangu ina mwisho. Ijumaa adhuhuri nitasimama mlangoni kwake nimwulize, na ikiwa hajasikia kwako, atasikia kwangu, kwa mpangilio, kuanzia mlango wa kabati.

Nakala ya jibu hili nimeibana leo Jumanne chini ya kifuta kioo cha gari lako. Gazeti linatoka Alhamisi. Mtu wa posta hufika kwenu saa nne asubuhi, na LaVonne, kama alivyoniambia mwenyewe kanisani, huanza kulisoma kutoka nyuma, ukurasa huu ukiwa wa kwanza. Hadi saa hiyo bado unaweza kuwa mtu aliyesema mwenyewe. Saa nne na robo utakuwa mtu aliyesomwa.

Ardis