Kumpiga Moloimet

Jumatatu, 2 Agosti 1982

Patrisi, mwenzangu wa mazoezi, kaenda kwao Qurus kuvuna. Na mimi Jumamosi napigana Arusha — pambano langu la kwanza la kulipwa! Sina wa kufanya naye mazoezi, basi kocha Moloimet kavaa glavu mwenyewe, hapa hapa kwenye ghala la vitunguu.

Mzee yule! Miguu bado ni ile ya Nairobi, enzi watu walipolipa kiingilio kumwona. Ukimtafuta hapa, yuko kule. Raha tupu.

Tatizo ni mimi. Alitahiriwa pamoja na baba yangu. Kwetu mtu wa rika la baba ni baba, na kumpiga ni kujitafutia laana. Mkono wangu wa kulia unafika karibu na shavu lake, unagoma. Kasema ngumi yangu inapiga hodi halafu inakimbia. Eti Jumamosi nitamwinamishia kichwa yule wa Arusha anishike utosi, kama mtoto anayeamkia mzee? Wapakiaji walicheka mpaka wakatua magunia. Washenzi.

Jumatano, 4 Agosti

Bado. Kocha kasema wazi: nisipompiga sawasawa, sipandi lori la Arusha. Hapeleki mtoto wa mtu kuuawa. Nilikasirika, nikatupa glavu. Lakini ana haki. Nampenda mzee huyu, ndiyo shida yenyewe.

Alhamisi, 5 Agosti

Baba kashuka kutoka Ngorongoro! Sijui nani kampelekea habari. Nikajua atakataza, na yaishe.

Kauliza nani kaamuru mwanawe ampige mzee. Moloimet kajibu: mimi. Baba kaweka fimbo chini, kaomba glavu. Kasema basi aanze yeye, wao ni rika moja!

Tulicheka hadi machozi. Baba anarusha mikono kama anafukuza fisi zizini, Moloimet anayumba tu, anatabasamu. Halafu — ngumi moja ya kulia, pole pole kama ng'ombe wa kulima — ikampata kipajini, upande wa kushoto. Kocha kakaa chini!

Mtu ambaye Nairobi nzima ilishindwa kumgusa. Nilimwinua. Nikapitisha kiganja mbele ya jicho lake la kushoto. Halikupepesa. Tangu lini, mzee? Kajibu: tangu pambano lake la mwisho. Kwani nilidhani aliacha ngumi kwa nini? Kisha kaniambia nifunge mdomo.

Alitufundisha wote kwa jicho moja. Nimelia, sioni aibu.

Ijumaa, 6 Agosti

Lori linapakiwa. Baba kanitemea mate ya baraka kwenye ngumi, kasema laana haipo, kaiondoa. Sasa anamfunga Moloimet kamba za glavu. Naandika upesi.

Nimemsihi nitumie kushoto, upande anaouona. Kafoka: "Sakaya! Kushoto unakujua tangu mwaka jana. Nimekuja kwa ajili ya mkono wa kulia."

Ananiita. Kasimama katikati ya ghala, mikono kaishusha. Uso kaugeuza kidogo — upande asiouona, kauleta kwangu.