Herufi Moja Tu

12 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia na kwamba yale mazoezi unayafanya kweli, humdanganyi daktari. Mimi mzima, ila sauti imekauka kwa kusema mahakamani.

Nina habari, naomba uisome ukiwa umekaa. Nimechukua kesi ya mauaji. Mteja wangu ni fundi wa kuchomea mageti. Mwenzake wa karakana alikutwa amepigwa chuma kichwani, na siku hiyohiyo walikuwa wamegombana. Akitiwa hatiani ni kunyongwa, naye ana mke na mapacha wanaotambaa.

Mpelelezi wa kesi ni kaka. Ndiyo, yule askari uliyemfundisha kazi nikazoea kumwita kaka, aliyekuwa akila mezani kwetu na kunimalizia maziwa. Nimeona nikwambie mwenyewe kabla hujasikia kwa watu.

Binti yako,
Kasuku


20 Machi

Mwanangu,

Goti ni zima kuliko akili yako. Shikamoo yako nimeiona. Marahaba sikupi, kaa nayo kwanza.

Nimevaa sare maisha yangu yote nikiwafunga wauaji, leo binti yangu wa kumzaa anawafungulia mlango! Kaka yako alipita hapa. Anasema fundi cherehani wa chumba cha pili alimsikia mteja wako akisema kwenye simu, "Nimemmaliza." Ameandika hivyo kwenye maelezo ya shahidi. Unataka nini tena, picha? Mwambie huyo mtu akiri kuua bila kukusudia, apunguziwe adhabu, nawe ulale usingizi. Na marehemu je, wakili wake nani?

Kama kujitoa huwezi, basi usimwaibishe kaka yako mbele za watu. Ingawa sina wasiwasi sana, mawakili nawajua. Mara ngapi nimesimama kutoa ushahidi, jasho linanitoka, kesi imeshanishinda, wakili akaongeza swali moja la kujionyesha, nami nikapenya hapohapo. Swali la mwisho ndilo lililokuwa linaniokoa. Midomo yenu haina breki, na wewe hatukukuita Kasuku bure.

Baba yako


2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Naituma tena, haina haraka. Shangazi aniambie kama dawa za goti zimekwisha, nitaleta nyingine.

Sijitoi. Akiri jambo analosema hakulifanya ili mimi nilale? Jioni ile alikuwa anampigia mwenye geti, kazi imekwisha, njoo uchukue. Anasema neno lake lilikuwa "Nimemaliza." M moja, kamaliza kazi. M mbili, kammaliza mtu. Nimemtafuta mwenye geti, lakini hakumbuki aliambiwa neno gani. Anachokumbuka ni geti tu, na rangi haikumpendeza.

Umeniuliza wakili wa marehemu ni nani. Akifungwa asiyehusika, marehemu amepoteza mara mbili, uhai wake na haki yake. Kazi yangu si kusema nani kaua. Kazi yangu ni kuwauliza wanaosema wanajua, mmejuaje?

Kaka sitamtukana wala kumpigia kelele. Kumhurumia ndiyo sitaweza. Wewe mwenyewe ulitufundisha kwamba undugu unaishia mlangoni pa kazi.

Binti yako


28 Mei

Baba,

Shikamoo. Umeninyamazia tangu Machi. Shangazi anasema unagombana na redio kila asubuhi, kwa hiyo najua u mzima.

Jana fundi cherehani na kaka walitoa ushahidi. Kila mtu mahakamani alikuwa na maelezo ya shahidi mkononi, anafuatilia kwa kidole. Mimi nililifunga faili langu nikamtazama shahidi mdomoni. Mwendesha mashtaka akamuuliza alisikia nini. Fundi cherehani akasema, "Nilimsikia anasema, nimemaliza." Hakuna aliyeshtuka. Walikuwa wamesoma M mbili, wakasikia M mbili.

Zamu yangu ilipofika nikamwomba jambo moja. "Mama, lirudie neno hilo polepole, mheshimiwa jaji aliandike."

"Ni-me-ma-li-za."

Nikakaa.

Akaja kaka. Nikampa karatasi aliyoiandika mwenyewe, asome neno lile kwa sauti. Akasoma, "Nimemmaliza." Nikamshukuru.

Baba, ulimi uliniwasha! Nilitaka kumuuliza, hiyo M uliisikia, au uliitaka? Nilishika meza kwa mikono miwili. Nilikuona wewe pale aliposimama yeye, unanisubiri nikosee. Angenijibu kwamba siku ile yule mama alisema hivyo na leo ameogopa, nami ningekuwa nimemfungulia mlango mwenyewe. Nikakaa.

Swali la mwisho akaliuliza mwendesha mashtaka. Alisimama mbio kumwokoa. "Kwani kuna tofauti gani?"

Kaka akajibu, "Ni herufi moja tu, mheshimiwa."

Jaji akavua miwani. Akamtazama fundi wangu, akamtazama kaka. "Herufi moja tu," akasema, akaandika.

Kaka alipotoka alinipita kama hanijui. Iliniuma, sikufichi. Hukumu ni tarehe 19 Juni.

Binti yako


24 Juni

Mwanangu,

Goti linauma, mazoezi sifanyi, usimwambie daktari.

Fundi wako ameachiwa huru, nimesikia. Shangazi yako alishangilia mpaka majirani wakachungulia, nikamwambia hapa si uwanja wa mpira.

Kaka yako alikuja juzi, kafura. Alitegemea nikuseme, na nilikusema, usijidanganye. Siri ya mzee wako umekwenda kumpigia mwanafunzi wake! Kisha nikamuuliza lile swali ulilolimeza. "Hiyo M uliisikia, au uliitaka?"

Nami sikuongeza neno, nilikaa kama ulivyokaa wewe. Chai ikapoa. Mwishowe akasema, "Mzee, nilikuwa na hakika ni yeye." Nikamwambia hakika yako haina masikio. Aliyeua bado anatembea mtaani, na wewe umempa miezi yote hii ya kutembea. Rudi kalifungue jalada, uanze upya, na safari hii uwaache watu waseme wenyewe.

Ameondoka bila kuaga, lakini shangazi yako kamwona leo asubuhi kwenye karakana ile, amepiga magoti sakafuni na tochi, anatafuta. Marehemu amepata mtu wa kumsemea.

Sikukujibu tangu Aprili kwa sababu uliniuliza, mmejuaje. Nililibeba swali hilo kitandani na mezani, na kesi zangu zote za zamani zikawa zinapita mbele yangu moja moja. Nyingi nina jibu. Hilo lingenitosha, kama zingekuwa zote. Ningependa wewe ungekuwepo katika hizo nyingine, upande wa pili, unaniuliza.

Najivunia wewe. Shikamoo zako nilizoziacha mlangoni nimeziingiza zote ndani.

Marahaba, wakili. Marahaba, mwanangu.

Baba yako