Kahawa ya Kosmas

Jumamosi, Mbinga

Ndiyo, ni mimi niliyempa. Nani mwingine pale stendi anawauzia madereva punje za kahawa ya kukaanga? Huwa nawaambia, "Tafuna, trafiki atanusa kahawa tu." Wanacheka, wananunua.

Leo asubuhi Kosmas, dereva wa basi la Mbamba Bay, kaja macho mekundu, bado ananuka pombe ya komoni ya jana. Nikampa kiganja kizima. "Kaka, sasa unanukia kama ghala la ushirika!"

Getini trafiki hata hakumnusa. Kampa kile kimashine cha kupuliza. Kosmas kapuliza, namba ikapanda, akashushwa.

"Afande, nimetafuna kahawa tu!"

"Hii haina pua, kaka. Inapima pombe."

Tukacheka wote, mpaka nilipomwona abiria wake, dada Fides, dirishani mwa basi, kampakata mwanawe. Zile kona zote za kushukia ziwani Mbamba Bay, na Kosmas yule mlevi kwenye usukani. Na mimi ningewapungia mkono.

"Mdogo wangu, dereva wetu kafanya nini?" Fides akaniuliza.

Nikasema sijui.

Wewe utakayeliokota daftari hili, tukubaliane: ukinikuta nauza tena kahawa ya kutafuna, mwaga sinia lote chini. Ukinikuta na birika la kahawa ya kunywa, nunua kikombe kwangu.