Kompyuta ya Wodi ya Watoto

Mjukuu wangu, mume wangu Yohana,

Huku Ihumwa tu wazima. Babu yako bado anakoroma kushinda treni ya mizigo. Umeuliza kama kompyuta mlizoletewa hospitalini kwenu zitawapunguzia kazi wauguzi.

Yetu ya kwanza ilipofika, mganga mkuu alisema, "Sasa nesi mmoja anatosha," akamhamisha mwenzangu. Umeme ukikatika niliandika kwenye kadi. Ukirudi nilichapa yale yale upya, nikidonoa kama kuku. Siku moja mama mmoja wa Makutupora akaniita, "Nesi, njoo umwone mwanangu."

"Namalizia, mama."

Nilipofika, mtoto alikuwa ameshatutoka. Nilikuwa nachapa jina lake.

Mashine iliharibika, ikafunikwa kitambaa. Mwenzangu hakurudishwa. Natamani nikujibu ndiyo, mume wangu, ila kukudanganya siwezi.

Bibi yako