Ukuta Ulioegemezwa kwa Kiingereza

Jumatatu, 6 Mei 1996

Leo tumeanza kufundishwa Kiingereza kazini. Watu wazima! Bwana Mutunga, meneja wetu, kaleta mwalimu kutoka Nairobi, Caroline jina lake. Kiatu cha kisigino kirefu, marashi yanukia mpaka ngazini. Ati wafadhili wa ile nyumba ya mawe tunayoikarabati Mji wa Kale waja wiki ijayo, na kila mmoja wetu asimame aeleze kazi yake imefika wapi. Kwa Kiingereza. Mimi ndiye msimamizi wa saiti, kwa hiyo nitasema mengi kuliko wote. Chokaa ingekuwa yashika kwa Kiingereza, tungemaliza zamani.

Jumatano, 8 Mei

Wakati uliopita. Tumeimba kama watoto wa chuoni: finish, finished. Go, went. Kalama wa stoo kasema "goed", Caroline akacheka kwa pua. Kalama akauliza kwa nini si "goed". Ndivyo ilivyo, akajibiwa. Mwalimu huyo! Na yeye mwenyewe husema "kitabu yangu" wala hatumcheki.

Kisha kuna "did" na kuna "have done". Kwetu: tulifanya, tumefanya. Basi. Mama yangu alinifundisha huku akikuna nazi.

Ijumaa, 10 Mei

Mvua tangu alfajiri. Somo limeahirishwa, alhamdulillahi.

Nimekwenda saiti. Ukuta wa nyuma umezidi kutokeza tumbo. Chini yake, kichochoroni, ndipo Mzee Abdulhalim anaposhonea kanzu. Nimemwomba ahame kwa muda. Kasema Mutunga alimhakikishia kuwa ukuta utaegemezwa kwa boriti kabla ya mvua. Akasimamisha cherehani, akaniuliza taratibu:

"Umeegemezwa, mwanangu?"

Nikamwambia bado. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kushona. Aende wapi? Wateja wake wote wamjua pale.

Nimerudi ofisini kumwambia Mutunga. Kasema boriti zitakuja, nishughulikie Kiingereza changu.

Jumanne, 14 Mei

Mutunga kanipa sentensi ya kukariri. "We have propped the rear wall." Yaani, ukuta wa nyuma tumekwisha kuuegemeza. Nikasema hatujauegemeza. Kasema tutauegemeza, wafadhili wakiridhika. Tofauti ni wakati tu.

Wakati tu. Wiki nzima twapigwa darasa juu ya wakati, leo meneja asema ni kitu kidogo.

Nikamwuliza Caroline mbele ya wenzangu, sentensi hiyo yasema nini hasa. Kitendo kimekamilika, akajibu. Na kama hakijafanyika? Kasema yeye hufundisha sarufi, hakagui majengo. Akafuta ubao.

Nilimdhania mjinga. Kumbe mwoga. Ujinga afadhali.

Alhamisi, 16 Mei

Naandika barazani mwa ofisi. Nimetolewa nje.

Wageni walikuwa watatu. Kalama alisoma maneno yake, wakampigia makofi. Ikaja zamu yangu. Nikasimama, maneno yakatoka moja moja: "We have not propped the rear wall. A man works under it." Yaani, hatujauegemeza, na chini yake kuna mtu afanyaye kazi.

Mutunga akacheka, akawaambia wageni nimechanganya nyakati, Kiingereza changu ni cha juzi. Cha juzi! Lile "not" nililitia kwa makusudi, nikalisema polepole nisilimeze.

Mgeni mmoja, mama wa makamo mwenye miwani, hakucheka. Alimgeukia Caroline: yeye ndiye mwalimu, je, nimekosea? Hapo ndipo Mutunga aliponiambia nikasubiri nje.

Nimekaa. Kwa kitambo sikusikia ila sauti ya Mutunga. Nikajisemea, huyo mwalimu ameletwa na Mutunga, atamwambia nini zaidi ya atakacho Mutunga? Kazi yangu imekwenda. Kisha nikasikia sauti ya Caroline, chini sana, ikisema sikukosea.

Mlango umefunguka. Caroline katoka wa kwanza, macho mekundu, wageni nyuma yake. Kaniuliza kwa Kiswahili, kama yule mtu yuko chini ya ukuta sasa hivi. Nimemwambia yuko. Wageni waitafuta miavuli yao, waende kuuona ukuta.

Mutunga angali ndani. Namsikia kwenye simu, aulizia boriti.